Kuchagua Gari la Familia la 4WD la Petroli Lililotumika: Hatua kwa Hatua

Familia nyingi lami inaishia mbali na mlango wao. Kiwanja kilipatikana Chanika, Kigamboni au pembezoni mwa Dodoma, nyumba ikajengwa, na masika yakianza gari dogo linalala kwa jirani aliye karibu na barabara kubwa. Hapo ndipo watu huanza kutafuta gari lenye nafasi ya watoto, lenye kimo, na linalovuta kwa tairi zote nne, yaani 4WD. Mfuko ukiruhusu lililotumika tu, si aibu wala si hatari. Magari mengi tunayoendesha Tanzania yalikuja hivyo kutoka Japani, na mengi bado yanafanya kazi.

Nazungumzia petroli kwa sababu familia ya kawaida huendesha mjini siku nyingi na kwenda kijijini mara chache. Kwa matumizi hayo petroli haina usumbufu: fundi wake yupo kila mtaa, spea zake zinapatikana kirahisi, na safari fupi za shule na sokoni haziichoshi kama zinavyoichosha dizeli ya kisasa yenye kichujio cha moshi.

Jambo moja nalishikilia kuliko mengine yote: hali ya gari lililosimama mbele yako ina uzito kuliko sifa ya jina lake. RAV4 iliyowahi kuchemsha mara tatu ni mzigo. X-Trail iliyotunzwa itakupeleka Mbeya na kukurudisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ukaguzi, na ukaguzi huo mwingi unaweza kuufanya mwenyewe kabla hujamlipa fundi.

Hatua ya 1: Anza na barabara yako

Kabla ya kuangalia matangazo, jiulize gari litapita wapi wiki ya kawaida. Mchanga wa Kigamboni au Bagamoyo unahitaji tairi zote nne kusaidiana, lakini hauhitaji gia nzito (ile inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, yenye alama 4L). Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga au pembezoni mwa Dodoma, mvua ikinyesha unateleza na kushika tairi kwa wakati mmoja. Miteremko ya Kibosho au Lushoto, barabara ikiwa imelowa, inataka gari lenye gia nzito ya chini ili lishuke taratibu bila kutegemea breki tu.

Kwa kilomita mbili tatu za udongo kutoka lami hadi nyumbani, magari yanayoendeshwa kama ya kawaida yanatosha: RAV4, X-Trail, Forester, CR-V, Kluger. Kama unapanda mlima kila wiki, au una shamba ambalo njia yake ni makorongo, nenda moja kwa moja kwenye Suzuki Escudo au Prado. Hayo mawili yana gia nzito ya kweli.

Kisha hesabu watu. Watoto wawili na dada wa kazi wanakaa vizuri kwenye gari la viti vitano. Mkiwa sita au saba, tafuta Vanguard au Kluger yenye viti vya safu ya tatu, ukijua kwamba safu hiyo ni ya watoto, na ikikaliwa buti linabaki la mikoba michache. Prado peke yake ndiyo inayobeba watu saba na mizigo kidogo kwa heshima.

Hatua ya 2: Chagua aina mbili au tatu, ujue ugonjwa wa kila moja

Usitafute gari lisilo na ugonjwa, halipo. Tafuta lenye ugonjwa unaojulikana, unaopimika, na ambao fundi wako anauweza.

RAV4 ya mwaka 2000 hadi 2005, ile ambayo mitaani inaitwa Kili Time, ni gari imara la mwili. Yenye 4WD iliyotoka Japani ina injini ya 1AZ-FSE ya lita 2.0, maarufu kwa jina la D4. Injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo njia za hewa hujaa masizi meusi, na pampu yake ya presha ya juu haipendi petroli chafu. Ikitetemeka gari likiwa limesimama, au ikichelewa kuitika unapokanyaga mafuta, usikubali kuambiwa ni plagi tu.

Kuna jambo la pili kwa familia hii ya injini, 1AZ na 2AZ, hasa zile za kabla ya mwaka 2007 hivi. Bolti za silinda hedi upande wa nyuma, ule unaoelekea kwenye dashibodi, hung'oa nyuzi za bloku. Kulanti (maji ya kupozea injini) huanza kuvuja pale nyuma ambapo huwezi kuona kwa urahisi, maji hupungua bila dimbwi chini, na siku ya kupanda mlima gari linachemsha. Chukua tochi, inama, angalia mshono kati ya hedi na bloku kwa nyuma. Michirizi ya rangi ya waridi au nyeupe iliyokauka pale inatosha kukuondoa. Tatizo hilo linaweza kuikuta RAV4 ya kuanzia mwisho wa 2005, pamoja na Kluger na Harrier za lita 2.4, kwa kuwa zote zinatumia 2AZ-FE.

X-Trail T30, ya 2000 hadi 2007, ile yenye mita ya mwendo katikati ya dashibodi, ndiyo ninayowapendekezea watu wenye bajeti ndogo. Injini ya QR20 ina cheni badala ya taimingi belti (mkanda unaozungusha kamshafti), giaboksi yake ya otomatiki ni ya kawaida ya gia 4, na swichi ya 4WD ina nafasi tatu unazoziona wazi: 2WD, AUTO na LOCK. Ugonjwa wake unaojulikana ni sensa za kamshafti na krenki, ambazo zikichoka gari huzima likiwa la moto na kuwaka likipoa. Hizo ni spea ndogo.

X-Trail T31, iliyofuata hadi 2013, ni nzuri zaidi kukaa ndani. Tatizo ni CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Kwenye mlima mrefu na joto, giaboksi ile ikizidiwa hupunguza nguvu ili kujilinda, na ikishachoka gharama yake inaumiza familia. Sisemi usiinunue. Nasema usiinunue bila jaribio refu la barabarani nitakalolieleza chini.

Subaru Forester ina mfumo bora wa tairi nne kuliko washindani wake wa bei ile, na Forester zote zilizouzwa Japani zinavuta nne, huna haja ya kubahatisha. Injini ya EJ20 inatumia taimingi belti, inayobadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika kwenye injini ya kamshafti mbili kila upande, vavu zinagonga pistoni. Kuanzia mwishoni mwa 2010 Forester ilipata injini ya FB20 yenye cheni, ambayo za mwanzo zina sifa ya kunywa oili. Pima kijiti kila mara. Turbo acha kwa anayeipenda. Ilitengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu ya Japani, na gari la kupeleka watoto shule halihitaji hayo.

CR-V ya 2001 hadi 2006 ni injini nzuri ya K20A yenye cheni, na mfumo mwepesi wa 4WD unaohitaji tu fluidi ya difu ya nyuma ibadilishwe. Ikizembewa, difu inaguguna unapokata kona kali.

Escudo ya kizazi kilichoanza 2005 ndiyo siri ambayo watu wengi wanaipita yadini. Ina fremu iliyounganishwa ndani ya bodi, inavuta nne wakati wote, na ina kitasa cha kuchagua 4H, 4H LOCK, 4L LOCK na N. Injini yake ya J20A ya lita 2.0 ni ya cheni. Sikiliza cheni asubuhi: mlio wa kokoto unaodumu zaidi ya sekunde chache baada ya kuwasha ni dalili ya tenshena (kikaza cheni) au reli za kuongozea cheni zilizochoka kwa sababu ya oili mbaya. Inakunywa zaidi kidogo kuliko RAV4, na buti lake ni dogo.

Prado 120 na 150 za petroli ya lita 2.7, yenye injini ya 2TR-FE, ni nzito kuondoka lakini hazichoki. Yenye V6 ya lita 4.0 ni tamu, na kituo cha mafuta kitakufahamu kwa jina. Kwa bei za Prado, hata zile kuukuu, familia nyingi zingenunua Escudo safi na kubakiwa na ada ya shule.

Kuhusu mafuta, kwa magari ya lita 2.0 tegemea kati ya kilomita 8 na 11 kwa lita kwa mchanganyiko wa mji na safari. Foleni za Dar zitashusha hapo. Prado ya 2.7 iko chini ya hiyo.

Freelander za petroli zinavutia kwa bei. Ile ya 1.8 ina historia mbaya ya gasketi ya hedi. Pita.

Hatua ya 3: Soma namba ya chesi kabla hujapanda basi

Hatua hii haigharimu hata shilingi, na inaokoa fedha nyingi kuliko zote. Magari mengi yanayotangazwa kama 4WD yanavuta mbele tu. Kwa nje yanafanana, na wakati mwingine muuzaji mwenyewe hajui. Mwombe akutumie kwa WhatsApp picha ya kadi ya gari, au ya bamba dogo la chuma lililo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesi zinasema ukweli.

RAV4 Kili Time ya milango mitano: ACA21 inavuta nne, ZCA26 inavuta mbele. RAV4 iliyofuata: ACA31 nne, ACA36 mbele. Vanguard ya 2.4: ACA33 nne, ACA38 mbele. Kluger ya 2.4: ACU25 nne, ACU20 mbele. Harrier ya 2.4: ACU35 nne, ACU30 mbele, na ile Harrier mpya zaidi, ZSU65 nne, ZSU60 mbele. Kwa X-Trail angalia herufi N: NT30, NT31 na NT32 zinavuta nne, T30, T31 na T32 zisizo na N zinavuta mbele. CR-V: RD5 nne na RD4 mbele; kizazi kilichofuata RE4 nne na RE3 mbele.

Ukifika kwenye gari, linganisha namba iliyo kwenye kadi, kwenye bamba, na ile iliyogongwa kwenye chuma cha bodi. Lazima zifanane tarakimu kwa tarakimu, na chuma kinachozunguka namba kiwe hakijachomelewa wala kupakwa rangi upya.

Namba za usajili nazo zinasema jambo, lakini si umri. Namba D au E inakuambia gari liliingia nchini lini, si lini lilitengenezwa. Kuna gari la 2004 lenye namba E. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi.

Hatua ya 4: Lione likiwa baridi

Panga kufika asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa inaficha moshi, milio na ugumu wa kuwaka.

Fungua kifuniko cha rejeta wakati huu ambapo ni salama. Kulanti iwe na rangi safi. Maji ya kutu yanakuambia kwamba gari limekuwa likiongezwa maji ya bomba kwa miaka. Utando wa oili juu ya maji, au ute kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, unaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Acha kifuniko wazi, mtu awashe injini, uangalie mdomo wa rejeta kwa dakika moja au mbili. Mapovu yanayoendelea kupanda bila kukoma ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Hapo mazungumzo yameisha.

Nenda nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha, au baada ya kuliacha likiunguruma na kukanyaga ghafla, ni oili inayoungua. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi ya Arusha au Njombe ni wa kawaida. Mweupe mzito usioisha injini ikiwa ya moto si wa kawaida.

Na kuna mchezo wa gereji zetu ambao lazima uujue. Gari likisumbua joto, baadhi ya mafundi hutoa themostati (kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini) badala ya kutafuta chanzo. Gari linaonekana limepona. Utaligundua hivi: mshale wa joto unachelewa sana kupanda, na barabarani kwenye mwendo unashuka chini ya usawa wake wa kawaida. Injini inayoendeshwa bila themostati inakula mafuta zaidi na inachakaa mapema, na lile tatizo la mwanzo bado lipo.

Hatua ya 5: Usiamini kilomita, tafuta ushahidi

Odomita inarudishwa nyuma kwa urahisi, na ya kidijiti haina tofauti. Angalia vitu ambavyo ni vigumu kudanganya: mpira wa pedeli ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, ngozi ya usukani. Gari la kilomita 70,000 halina pedeli iliyolika hadi chuma.

Kisha tafuta stika za Kijapani, kwenye fremu ya mlango wa dereva, chini ya boneti, au kwenye kava la taimingi belti. Hata kama husomi Kijapani, tarakimu utazisoma. Stika ya kubadilisha oili au belti huandika tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: kwa enzi ya Heisei jumlisha 1988, kwa hiyo 22 ni 2010, kwa enzi ya Reiwa jumlisha 2018. Ukikuta stika inayosema belti ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000 mwaka 22, na odomita leo inaonyesha 84,000, huhitaji shahidi mwingine.

Kama gari limeingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linakubalika, na herufi R au RA maana yake liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Si kila R ni mbaya, ila bei yake haiwezi kuwa sawa na ya gari lisiloguswa.

Hatua ya 6: Lala chini

Beba kipande cha boksi la kulalia na tochi. Hapa wanunuzi wengi huona uvivu, ilhali gari la 4WD linabeba siri zake zote huku.

Kwanza thibitisha kwa macho: kuna propela inayotoka mbele kwenda nyuma, na kuna difu katikati ya tairi za nyuma. Nimeona gari ambalo chesi yake inasema nne, lakini propela ilitolewa baada ya difu kufa, na muuzaji anaendelea kulitangaza kama 4WD.

Pili, kutu. Japani, 4WD hununuliwa sana maeneo ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la huko linaweza kung'aa juu na kuliwa chini. Gonga fremu, mikono ya sasipensheni na sehemu za kufungia shokapu kwa mpini wa bisibisi. Kutu ya juu juu ya rangi ya kahawia ni ya kawaida. Inayobanduka kama maganda, hasa kwenye fremu ya Prado, achana nayo. Ogopa pia gari lililopakwa rangi nyeusi mpya chini yote, kwa maana rangi hiyo inaweza kuwa imefunika ugonjwa.

Tatu, uvujaji. Unyevunyevu kidogo kwenye gari la miaka 15 hausumbui. Matone ya oili kwenye difu, kwenye trasfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), au mpira wa eksheli uliopasuka na kurusha grisi ndani ya ringi, weka kwenye hesabu ya bei.

Tairi zisomwe kwa makini. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kwa Forester, na kwa kila gari linalovuta nne wakati wote, tairi zote ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Mbili mpya na mbili zilizoisha zinalazimisha mfumo wa katikati ufanye kazi kila sekunde, hadi uungue.

Ndani ya gari, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Doa la tope au harufu ya ukungu kwenye sehemu ambayo haionekani kila siku ni dalili ya gari lililozama. Angalia na reli za viti.

Hatua ya 7: Liendeshe hadi lichoke kidogo

Kuzunguka yadi mara moja si jaribio. Unahitaji angalau nusu saa, lami na udongo, na mlima kama upo.

Kwenye lami tambarare, gari likiwa la moto, kata usukani hadi mwisho na uzunguke taratibu. Forester ikijivuta kama imeshikwa breki, au ikirukaruka, klachi ya mfumo wa tairi nne imeganda. Kwenye Forester za otomatiki za gia 4 kuna tundu dogo la fyuzi lenye alama FWD chini ya boneti. Fyuzi ikichomekwa hapo, gari linavuta mbele tu. Wapo wanaoiacha humo kuficha ule ugonjwa. Fungua kisanduku, hakikisha tundu liko tupu, kisha rudia mzunguko.

Kwa CVT, iwe T31 au Vanguard, subiri ipate moto kweli. Panda mlima, simama katikati, ondoka tena. Mtetemo wa kuondoka, mluzi unaopanda na mwendo, au nguvu inayopotea ghafla huku injini ikilia, ni sababu ya kushukuru na kuondoka. Kama gari ni zima, uliza liliwekewa fluidi gani. Ikijibiwa ya otomatiki ya kawaida, hofu yako ni ya haki, kwa kuwa CVT ina fluidi yake.

Sasa lipeleke kwenye mchanga mlaini au kokoto. Mtu mmoja ashuke asimame pembeni, mbali na njia. Weka LOCK kama ipo, ondoka kwa mkazo kidogo. Anayetazama aone tairi za nyuma zikisukuma na kurusha mchanga pamoja na za mbele. Kwenye Escudo na Prado, simama kabisa, weka nyutro, ingiza 4L. Taa yake iwake bila kupepesa, na gari liende polepole kwa nguvu. Toa, rudi 4H. Kitasa kisichowahi kuguswa kwa miaka mara nyingi hugoma, na muuzaji atasema ni kuzoea tu. Mwambie akizoeze yeye mbele yako. Ila usikate kona kali ukiwa kwenye LOCK juu ya lami kavu, utaumiza gari la mtu.

Baada ya hapo ndipo umlete fundi wako, asiyehusiana na dalali, na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Angalia kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa asubuhi ile ile. Ufunguo ukiwashwa, taa za injini, ABS na mfuko wa hewa lazima ziwake kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa huenda imezibwa au kung'olewa.

Hatua ya 8: Mifuko ya hewa, jambo ambalo halizungumzwi hapa

Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, ya kampuni karibu zote, yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata. Kipulizio chake hutumia amonia naitreti, ambayo baada ya miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na wakati wa ajali inaweza kulipuka kwa nguvu iliyozidi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva au abiria. Watu wamekufa hivyo nchi mbalimbali, na mamilioni ya magari yameitwa kurekebishwa. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar mwaka mzima.

Kwa hiyo chukua namba ya chesi, iingize kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari unaoonyesha magari yaliyoitwa, au mpigie wakala wake rasmi. Likiwa kwenye orodha na halijarekebishwa, uliza urekebishaji kabla ya kulipa. Kwenye gari la kubeba watoto hapa sipunguzi neno hata moja.

Hatua ya 9: Karatasi na fedha

Kama unaagiza mwenyewe badala ya kununua hapa, umri unabadilisha kodi: kwa Tanzania gari lisilo la kazi lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa 15%, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30%. TRA ina kikokotoo mtandaoni. Kitumie kabla hujatuma hata dola. Ndugu zetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ukomo ni miaka 15.

Ukinunua hapa, hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, au kuna mnyororo kamili wa mikataba hadi kwake. Uliza kama kadi iko rehani benki au kwa taasisi ya mkopo. Angalia faini za trafiki zilizolimbikizwa kwa namba ya gari. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chesi, namba ya injini na TIN za wote wawili, kisha umiliki ubadilishwe TRA bila kuchelewa. Usitoe fedha yote kwa ahadi kwamba kadi itafuata wiki ijayo.

Usimalize fedha zote kwenye kununua. Tenga sehemu, mimi husema angalau moja ya kumi ya bei, kwa ajili ya mwezi wa kwanza. Badilisha oili ya injini na filta, fluidi ya giaboksi ya aina sahihi, oili za difu zote mbili na trasfa pale zilipo, kulanti yote pamoja na themostati, na taimingi belti kama huna ushahidi wa maandishi kwamba ilibadilishwa. Tengeneza breki zote nne. Kata bima kubwa kama unaweza. Gari likitoka gereji, andika kilomita na tarehe kwenye daftari dogo uliweke kwenye droo ya dashibodi, na kila fundi atakayeligusa aandike humo.